Mbuzi wa shamba la Naitiri

Leo tumefika Naitiri tukiwa tumechelewa siku nne.

Tulimfuata Mzee Wafula, shahidi pekee aliyebaki wa shamba la baba. Tukakuta hema na jeneza lake.

Baba alikuwa mwalimu Kitale. Alipostaafu miaka ya tisini, alitaka ploti ya kujenga nyumba za kupangisha, lakini bei za pale mjini hazikushikika. Akachagua shamba Naitiri, awe anakodishia wakulima wa mahindi, tule kila mwaka mpaka uzeeni.

Muuzaji alikuwa rafiki yake. Ati karatasi ni ya nini kati ya ndugu? Wakachinja mbuzi, mashahidi watano wakakula, ikaisha hivyo.

Sasa baba hayuko, na muuzaji hayuko. Juzi mtoto wa muuzaji aling'oa mpaka wetu.

Basi leo mama akapewa maiki, ati rafiki wa familia. Nikadhani atatoa pole aketi. Wapi!

“Marehemu alikula mbuzi wa shamba letu. Kuna mwingine hapa alikula?”



Mtoto wa muuzaji akasimama, na heshima zote. “Mama, mbuzi aliliwa. Hatukatai. Lakini baba alituambia mlikodisha tu.”

Miaka yote hiyo, bana!

Nyinyi wenye mashamba ya wazazi, hati mmeiona na macho, ama mliambiwa tu?

Tukaletewa ugali na nyama ya mbuzi. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi, nikanyoosha mkono. Mama akaushika.

“Usiguse. Ukikula, kesho watasema tulikubali.”