Marhoon na Kahawa ya Mgeni wa Serikali

Mmenisumbua na khabari hii mpaka nimechoka. Kila anayekuja kwangu kunywa chai, neno lake ni moja: bibi, tuandikie mambo ya Marhoon na yule mgeni. Kwani nyinyi hamna mikono? Mmesoma mpaka ng'ambo, mimi nimeishia chuoni, nikajua kusoma Kurani na kutia jina langu, basi. Haya, nnaandika. Lakini atakayekuja kunisahihisha herufi na aache kusoma papa hapa.

Marhoon alikuwa dereva wa gari la maji la serikali. Miaka na miaka alipeleka maji kutoka Ruwi mpaka Maskati, wakati nyumba nyingi hazina mifereji ya maji, na hapana mtu aliyesema Marhoon kamchelewesha. Kazaliwa Unguja, Mkunazini, kaja Oman ndevu bado hazijamtoka. Kiarabu chake mpaka leo kina ladha ya Kizinjibari, na maofisini walimcheka sana kwa hilo. Akizungumza na mkubwa, kwanza huyapanga maneno kinywani kama mtu anayehisabu meno yake.

Alipostaafu, jamaa wakampa ufunguo wa sabla. Sabla ni ukumbi wetu wa Ruwi, tunakokaa taazia tukifiwa na tunakofanyia harusi tukijaaliwa. Tuliujenga wenyewe tuliotoka Unguja, tulipokuwa hatuna mbele wala nyuma. Wanaume walitoa mishahara, wanawake tukavua bangili zikauzwa. Hawakumpa ufunguo kwa utajiri wala kwa elimu. Walimpa kwa sababu Marhoon kwenye taazia huwa wa mwanzo kuja na wa mwisho kuondoka, na hajapata kuuliza marehemu ni mtoto wa nani.

Sasa, ikaja barabara. Ofisi moja ya serikali ikataka kuipanua njia, na sabla imekaa palepale inapotaka kupita. Wakasema watatupa kiwanja chengine, huko nyuma ya Amerat, ambako hata mbuzi huuliza njia. Marhoon akajibu, ngojeni nizungumze na jamaa. Akatuma ujumbe kwenye simu za watu wote. Wakajibu wote: inshaallah. Hakuja mtu. Huyu yuko kazini Al Khuwair, huyu ana mtoto mgonjwa, huyu kasahau. Na wakati yeye anangoja, mdogo wake Sinan akenda ofisini na wenzake wawili, akasema: sisi jamaa wote tumeridhia.

Marhoon alijua siku ya Alkhamisi, Sinan mwenyewe alipompigia simu.

"Kaka, tayarisha kahawa. Leo baada ya alasiri anakuja Fahd, mkubwa wa ile ofisi. Anataka neno lako tu, akafunge kazi yake."

Marhoon akaiweka simu juu ya mkeka, akaisukuma sahani. Mkewe Nadra akamsogezea maji. Binti yao Khulood akauliza kuna nini, akaambiwa. Khulood huyu ndiye aliyesomea Amerika, Oklahoma, katika mji wa Wacherokee, wenyeji wa kale wa nchi ile. Akaacha kula.

"Baba, haya nimeyasoma. Haya haya."

"Umesoma sabla yetu?"

"Nimesoma Wacherokee. Walikuwa na nchi yao, na baraza lao, na sharia wameiandika, na gazeti kwa herufi zao wenyewe. Serikali ikaitaka nchi. Wakenda mahkamani mpaka ile kubwa kabisa, na mahkama ikasema haki ni yao."

"Basi si walishinda?" akauliza Nadra.

"Walishinda kwenye karatasi, mama. Kisha wakatokea watu wachache, baraza halikuwatuma, mkuu wao hakuwatuma, wakatia saini kwa jina la wote: chukueni nchi hii, tupeni nyengine huko magharibi. Mkuu wao John Ross akakusanya majina ya maelfu ya watu, wanasema hatukuridhia. Serikali ikayatupa. Wakaja askari wakawatoa majumbani, na maelfu wakafa njiani kwa baridi na maradhi."

"Huyo mkuu alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza Marhoon.

"Damu yake ya Kicherokee ilikuwa sehemu moja katika nane, na lugha yao hakuisema vizuri. Lakini wao walimchagua."

Marhoon akatazama mikono yake. Hapo mlangoni Sinan alikuwa keshaingia, kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa, ubani mpaka puani. Kayasikia.

"Na wale waliotia saini, Khulood? Walikuwa wezi?"

"La, ami. Baadhi yao walikuwa watu wa maana. Waliona nchi imekwenda, bora wapate kitu kuliko wakose vyote."

"Umeona! Watu wenye akili. Walifanywa nini?"

Khulood akamtazama mama yake. Nadra akamsukuma kwa goti.

"Wakubwa wao waliuliwa. Na watu wao wenyewe."

Sinan akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Shemegi, leo nisile chakula chako basi."

"Ningetaka kukuua nisingepoteza wali wangu," akasema Nadra.

Marhoon hakucheka. Alimpenda ndugu yake, maana yeye Marhoon ndiye aliyemlea Sinan baba yao alipofariki. Akajua pia kwamba Sinan si mwongo wote: barabara ikitaka kupita, aghlabu hupita. Lakini maiti wangapi wamekaliwa taazia katika sabla ile! Akiitoa kwa ulimi wake leo, kesho atawatazamaje waliofiwa? Akavaa kanzu, akenda kufungua ukumbi.

Fahd akaja kwa wakati. Mtu wa bara ya Oman, umri wa makamo, mwenye adabu, kavua viatu, kasalimia kila mtu kwa mkono. Watu wenyewe ni wachache, wazee wanne watano waliokuwa hawana pa kwenda, na wale wenzake Sinan. Khulood na mama yake wamekaa chumba cha wanawake, mlango umeachwa wazi kidogo. Halwa ikapita, tende zikapita, Marhoon akamimina kahawa kwa mkono wake.

Fahd akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Hakukigusa tena.

Sasa nyinyi vijana mliokulia simu, sikilizeni. Hii ni ada ya Waarabu tangu zamani: mgeni mwenye haja hanywi kahawa mpaka mwenyeji amwambie haja yako imekubaliwa. Ukimwambia anywe, umempa. Marhoon anaijua ada hii, nani Oman asiyeijua? Lakini sablani miaka yote amepokea watu wa taazia, na mfiwa hana haja isipokuwa ya Mwenyezi Mungu. Na sisi wa Unguja tumelelewa vyengine: kikombe cha mgeni kikipoa, mama yako anakufinya ubavu.

Kiyoyozi kinanguruma. Fahd akaeleza haja yake kwa upole, njia, kiwanja, manufaa ya watu wote. Marhoon anayapanga maneno yake ya Kiarabu, hayapangiki. Anamwona Sinan anamtolea macho. Anakiona kikombe, kahawa imeacha kutoa moshi. Khofu ikampanda, na ulimi ukakimbilia kule ulikozoea, adabu ya Unguja kwa Kiarabu kibovu.

"Kunywa, baba, kunywa! Hapana neno!"

Fahd akatabasamu, akakinyanyua, akanywa yote.

"Alhamdulillah," akasema Sinan, akapiga paja. "Yamekwisha."

Kule chumbani Nadra akajishika kichwa. Khulood akasimama, mama yake akamvuta kanga. "Kaa. Mwache baba yako."

Marhoon akaliona kosa lake. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ni aibu: kumwambia mgeni, mbele ya watu, kwamba neno alilolipata si neno. Mwarabu afadhali umpige kofi. Angenyamaza tu, asingelaumiwa na mtu. Wangesema kahawa imenywewa, ada ni ada. Akamtazama ndugu yake, ambaye tayari keshaanza kuvaa uso wa harusi.

Akasema, na safari hii hakuyapanga.

"Bwana Fahd, kahawa hiyo halali yako. Imetoka nyumbani kwangu, na ukitaka nyengine, ipo. Lakini sabla sikukupa."

Fahd akakiweka kikombe chini. "Mzee, kwetu kikombe kikinywewa, neno limekwisha."

"Najua. Nimekosea mimi, si wewe. Kwetu Unguja hata mwizi tunamwambia anywe kwanza."

Mzee mmoja akaguna kicheko, akakimeza.

"Kaka, unaniaibisha!" akasema Sinan kwa Kiswahili.

"Umeanza wewe. Nani alikutuma?"

"Hapana aliyenituma kwa sababu hapana anayekuja! Umewaita mara ngapi? Hawaitaki sabla, kaka. Wanataka mtu wa kumlaumu ikishabomolewa."

Neno hilo lilimchoma Marhoon kwa kuwa lina kweli ndani yake. Fahd akauliza kwa Kiarabu, sauti imeshakuwa ya ofisini:

"Huyu kaniambia jamaa wote wameridhia. Wewe unaniambia la. Basi mwenye neno hapa ni nani? Wewe si ndiye mkuu wao?"

"Ufunguo nnao," akasema Marhoon, akautoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja ili auone. "Mlango si wangu. Hata nikitaka kukupa, sina cha kukupa. Na huyu ndugu yangu hana zaidi yangu."

"Mwenye mlango ni nani, basi?"

Hapo sauti ya Nadra ikatoka chumba cha pili, Kiarabu cha kuchanganya, lakini kila mtu alikifahamu: "Wenye bangili!"

Fahd akainamisha kichwa. Hakukasirika wazi, na hilo ndilo lililomtisha Marhoon zaidi, maana mtu akikasirika utajua umesimama wapi. Akavaa viatu pale mlangoni, akasema:

"Mzee, mimi ni mtumishi kama ulivyokuwa wewe. Majina ya watu usiniletee, majina yananijaa mezani. Si kesho, Ijumaa ya wiki ijayo baada ya alasiri nitarudi mwenyewe. Atakayekuwapo nitamsikia kwa masikio yangu. Asiyekuwapo, nitaandika ameridhia."

Akaondoka. Sinan akamfuata mpaka garini, kisha akarudi, akasimama uani, haingii wala hatoki. Marhoon akamwita ndani. Sinan akaegemea ukuta palepale.

"Baba," akasema Khulood, "yule mkuu wa Wacherokee alipeleka majina ya maelfu na hayakufaa kitu."

"Nimesikia, mwanangu. Ndio maana safari hii nataka miguu yao."

Siku zote tangu hapo Marhoon amekuwa akigonga milango Ruwi na Al Khuwair, yeye na gari lake bovu, hapigi simu. Anaingia, anakaa, anasema haja yake, na kahawa akiwekewa haigusi. Wengine wamemwambia anywe. Wengine wamemwambia inshaallah, akainuka na kikombe kimejaa.

Nawe unayesoma, usiniambie khabari nzuri bibi, mkono wako mzuri bibi. Kama mama yako alivua bangili, au babako alikaliwa taazia pale, Ijumaa hii baada ya alasiri uwe Ruwi, ndani ya ukumbi, umekaa kitako. Kama unaiona barabara ina faida, njoo useme hivyo kwa kinywa chako, nani atakupiga? Lakini usibaki nyumbani ukaandikiwa na mwengine. Na njoo na mwanao, uegeshe gari mbali, mbele pana mashimo.