Maziwa ya Hofu

Asubuhi ile mdogo wangu Salma alikuwa kakaa barazani kwetu, mtaa wa Malindi, akimnyonyesha Nasri, mwanawe wa miezi mitatu. Mtoto alikuwa na pupa, na mumewe Salma, Haji, akamtania: "Taratibu, shekhe, hakuna anayekunyang'anya." Kisha akatoka kwenda kutununulia mkate.

Adhuhuri risasi zikalia upande wa Darajani. Jirani akatugongea: Haji kapakiwa kwenye gari ya askari.

Salma alilia hata sauti ikamkauka. Alipotaka kunyonyesha, shangazi yetu, Bi Zuwena, akamshika mkono.

"Usimpe, mwanangu. Maziwa ya hofu hayo, yatamdhuru."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo wengi wetu mtaani tulivyoamini. Jirani akatupatia kopo la maziwa ya unga alilobakisha mwanawe, pamoja na chupa.

Miaka imepita, na wewe unayenyonyesha naomba nikueleze polepole. Hofu haiyaharibu maziwa. Huenda ikayachelewesha kutoka, lakini mtoto akizidi kunyonya, yanateremka. Hatari ilikuwa kwenye ile chupa. Mtungi wa gesi ulikwisha, maduka yamefungwa, mabomba makavu. Tulichota maji ya tangi la darini bila ya kuyachemsha. Tulikoroga maziwa mepesi ili kopo lidumu. Chupa tuliiweka dirishani, juani, ipate uvuguvugu, na kilichobaki tukamnywesha tena baadaye. Vijidudu havihitaji zaidi ya hapo.

Nasri akaanza kuharisha.

Majimaji matupu. Nepi zikaisha, tukachana kanga.

Akaacha kukojoa. Utosi ukabonyea.

"Twende hospitali," nikasema.

"Na hao askari?" akauliza Bi Zuwena.

Nilifunga shuka jeupe kwenye mpini wa ufagio. Tukatoka, Salma na mimi.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitunyooshea bunduki. Salma akafunua kanga, akamwonesha mtoto.

Askari akageuza uso. "Piteni, dada. Upesi."

Muuguzi alitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Hakuupata. "Mngemleta mapema," alisema, kisha akaliona shuka letu, akarudi kuutafuta mshipa.

Wanaume wachache wa mtaani walikwenda kumzika Nasri. Salma alikaa mkekani, na gauni lake likaanza kulowa kifuani. Maziwa yalikuwa yakimtoka yenyewe. Bi Zuwena aliyaona. Alichukua pembe ya kanga yake, akawa anamfuta, na kila akimfuta yanatoka mengine.

Mji ulipotulia, Haji aliachiwa. Alikuta msiba ushaanuliwa. Akaniuliza mimi, si mkewe:

"Risasi ilimpata wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia mlango ulipogongwa. Alisikiliza akitazama pahala pale barazani alipomwachia mwanawe.

"Na maziwa ya mamaake," akauliza, "yalikuwepo?"

"Yalikuwepo, Haji."