Hondohondo Aliyejifungia

Mkuu wa hifadhi alitutoa kwenye msitu tulikozaliwa, akafunga geti, kisha akamwajiri mama yangu mdogo kufagia ofisi yake. Nalitaja hilo mwanzo asije mtu akasema tulihama kwa hiari.

Mama mdogo hakununa. Nilinuna mimi kwa niaba ya ukoo mzima. Yeye alifagia huku akijibizana na ndege wa nje, kila ndege akimwigizia mlio wake, hadi karani akawa anainama kutafuta ndege kwarara chini ya meza.

Asubuhi moja nilimpelekea chai, nikawakuta askari wawili wanatafuta patasi. Walikuwa wameona tundu la mti limezibwa kwa udongo, na ndani ndege analia. Wakadhani ni utundu wa watoto. Mkuu akaamuru udongo ubomolewe, ndege aokolewe.

Mama mdogo akaweka ufagio chini. Watu wa msituni tunajua: hondohondo jike hujiziba mwenyewe wakati wa kulea, akaacha ufa mwembamba tu, na humo ndani manyoya ya mabawa humpukutika. Ukimtoa hawezi kuruka. Yeye na makinda wanakuwa kitoweo cha kicheche.

Akawafuata, akapita getini bila kuomba ruhusa, nami nyuma yake na birika mkononi. Tulikuta askari mmoja keshapanda ngazi, mkuu akimsimamia chini.

"Shuka, mwanangu," alisema mama mdogo. "Huyo hajafungiwa, kajifungia. Mumewe kaenda sokoni."

Wakacheka. Mkuu alisema atangoja kidogo, kwa heshima ya mvi zake.

Hakungoja sana. Dume alitua, koo limemvimba, akacheua kuyu moja moja na kumpitishia mkewe ufani. Mdomo wa ndani ulipokea bila hata ahsante.

"Wangu hunirudisha dukani kwa chumvi tu," alisema yule askari, akashuka na patasi yake.

Mwezi uliofuata jike alibomoa ukuta mwenyewe, makinda wakamfuata. Waliporuka, mama mdogo alipiga vigelegele hadi nami nikasahau kununa.

Sasa mti una kibao. Nilisomewa: kinasema kiota kiligunduliwa na kuokolewa na mkuu wa hifadhi. Basi mkuu anadaiwa jina la mama mdogo pale kibaoni. Na anatudai sisi kuomba ruhusa getini, wakati yeye ndiye mwenye deni la msitu.