Nywele za Papa Zilizochukuliwa na Ndege

Utotoni mwangu, kule Likasi, nywele zilizonyolewa hazikutupwa ovyo. Nkambo, nyanya yetu aliyemzaa papa, yaani baba yetu, aliishi nasi, na alitufundisha kwamba ndege akiokota nywele za mtu na kujengea kiota, kichwa cha mtu huyo kitakauka, kisiote nywele tena. Kwa hiyo kila mara mama alipomnyoa papa uani, nywele zilifagiwa na kuzikwa nyuma ya choo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa.

Jumamosi moja wenzangu waliniita tukaruke kamba. Nilizimwaga nywele nje ya ua, nikarudi nikasema nimemaliza.

Miezi michache baadaye utosi wa papa ukaanza kung'aa. Alikuwa mchomeleaji vyuma kiwandani, mtu wa maneno machache, na mwanzoni alicheka tu. Nkambo hakucheka. Kila asubuhi alimpaka mafuta ya mawese yaliyochanganywa na majivu, na papa alikubali kwa kuwa ni mama yake. Ngozi iliwasha, ikatoka vipele. Nywele hazikurudi. Hapo Nkambo akaanza kumtazama mama.

Alianza kwa kunong'ona na majirani. Kisha siku moja, tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, akamwambia mama mbele yetu sote, "Nywele ya mutoto wangu iko wapi? Weye njo unayua."

Mama alikuwa amempakata mdogo wangu Ilunga, ambaye hata kutembea bado. Alijibu kwamba yeye hajui lolote, nywele zote zilizikwa, kisha akanigeukia.

"Sema, mwana yangu. Ulizika?"

Niliogopa kupigwa. Nikasema ndiyo. Sikujua kwamba jibu hilo lilimfunga mama: kama nywele zilizikwa, basi kuna aliyezifukua ili kumroga papa, na waliojua shimo lilipo tulikuwa mimi na mama tu.

Papa hakumpiga wala kumtukana. Aliacha tu kula chakula alichopika mama. Kabla ya mvua, kaka zake mama walikuja wakamchukua kumrudisha kwao Kamina. Ilunga alibaki, kwa sababu Nkambo alisema mtoto ni wa ukoo wetu. Alilia siku tatu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Leo Ilunga amepita miaka thelathini, anafanya biashara ya madini Kamatanda, na nywele zake zimeondoka vilevile, kuanzia utosini na pembeni mwa paji. Mwaka juzi nilimsindikiza mjini kununua dawa ya matone ya kupaka. Mama mmoja wa famasi alimuuliza kama baba yetu alikuwa na upara. Ilunga akasema ndiyo, na baba wadogo wote wawili.

"Basi ni ya jamaa," akasema yule mama, akimaanisha kwamba upara hurithiwa katika ukoo. Akaeleza bila kumdanganya: dawa huwasaidia wengine, wengine hapana, inataka miezi kadhaa ya subira, na ukiiacha, kilichoota kitaanguka.

Ilunga aliipaka asubuhi na jioni. Katika mwezi wa tano wa kupaka, vinyweleo laini vilionekana utosini, ingawa paji liliendelea kupanda. Kisha dawa ikakosekana mjini, na vile vinyweleo vikapukutika. Hakuitafuta tena.

Siku aliyoitupa chupa ndiyo niliyomweleza yote.

"Yaya," akauliza, kama anavyoniita mimi dada yake, "mama alikuwa anayua ni weye?"

Nilimwambia sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Mume wangu hunifariji kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba nywele za papa zingeanguka hata kama ningezizika kila moja. Ni kweli, na ukweli huo haunipi nafuu yoyote. Neno langu moja lingenigharimu viboko vichache, na mama angebaki. Baada ya kuondoka kwake aliishi miaka mitano zaidi. Mwanzo nilikuwa mdogo, lakini baadaye nilijua kuandika barua, na sikuandika. Alizikwa Kamina akiwa bado ni mke aliyemroga mumewe, na kutoka nyumba yetu hakuna hata mmoja aliyekwenda.