Paipu ya Sinki, Baba Mkwe na Mimi

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu, mama mkwe alikwenda Kitui kumtunza binti yake aliyekuwa amejifungua, nikabaki Mbumbuni na baba mkwe. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulala wageni kule Mtito Andei, anakuja mwisho wa mwezi. Boma zima likawa na watu wawili tu: mzee katika nyumba yake, mimi katika yangu.

Mimi nilizaliwa Nyeri. Kabla ya harusi, mume wangu alinieleza kwamba kwa Wakamba mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hawaketi chumba kimoja, hawapigi soga. Heshima hiyo wanaiita nthoni. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini mzee wetu aliishika, ingawa hakuwahi kunionyesha ukali. Nilikuwa nikimpelekea chakula, naweka sahani juu ya meza ya barazani, nakohoa kidogo, naondoka. Sauti inatoka ndani: "Asante, mama." Mazungumzo yetu ya miaka mitatu yalikuwa hayo.

Jumamosi moja asubuhi nilifungua kabati la chini ya sinki kutoa ndengu za kuchambua, mkono wangu ukatua kwenye maji. Mfuko wa ndengu ulikuwa umelowa chini, na unga wa mahindi kando yake umeganda kama udongo. Nilitoa kila kitu, nikapiga magoti, nikamulika kwa simu. Paipu ya maji machafu ilishuka kutoka kwenye sinki, ikapinda, ikapenya ukuta kwenda nje. Pale ilipopinda palikuwa na ufa wenye urefu wa kidole.

Nikampigia simu fundi. Alikuwa na kazi mbali, akaniambia atafika Jumatano Mungu akipenda.

Jumatano ilikuwa mbali. Kesho yake, baada ya ibada, kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu kwa maombi na chakula. Ilikuwa zamu yangu kwa mara ya kwanza, mimi mgeni wa lugha na wa mahali, na sikutaka wakute jikoni kwangu kidimbwi.

Nikakata mfuko wa nailoni, nikauzungushia ufa, nikafunga kwa seloteipu mpaka ikaisha. Nikamwaga kikombe cha maji. Pakavu. Nikamwaga sufuria nzima, na ile seloteipu ikaachia yote kwa pamoja, maji yakanirukia kifuani. Nikaketi sakafuni, gauni limelowa, nikiwa na hasira na paipu, na fundi, na mume wangu aliyekuwa mbali.

Nilipotoka nje kuanika gauni nilimkuta mzee amesimama nyuma ya jikoni, karibu na mipapai inayokunywa maji ya sinki. Alikuwa akiangalia mdomo wa paipu.

"Mama," alisema bila kunitazama, "leo hujaosha vyombo?"

"Nimeosha, Baba. Maji inabaki ndani. Paipu imepasuka."

Kisha akaenda kwenye stoo yake, akarudi na vipande virefu vya tyubu ya baiskeli, vile tunavyofungia mizigo, pamoja na kipande cha sabuni ya kufulia. Aliviweka kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wewe kaa ndani," akasema. "Mimi nitakaa huku. Nitakuambia."

Nikaingia chini ya sinki. Yeye, nikamsikia akichuchumaa upande wa pili wa ukuta, magoti yakilia. Tundu lililopitishiwa paipu lilikuwa pana kuliko paipu yenyewe, na sauti yake ilipita hapo wazi kabisa.

"Kwanza kausha. Kausha sana. Halafu sugua na majivu, hapo pana mafuta ya chakula. Kitu haishiki kwa mafuta."

Nikasugua, nikafuta, nikasugua tena.

"Sasa ile sabuni. Lowesha kidogo, uisindilie kwa ufa mpaka ijae."

"Imejaa, Baba."

"Chukua mpira. Usianzie kwa ufa, anzia mbali, pahali pazima. Vuta mpaka mkono uchoke. Kila mzunguko ulalie nusu ya ule mwingine."

Nikavuta. Paipu yote ikaanza kuchomoka ukutani, ikija kwangu.

"Inatoka!"

"Naishika. Vuta."

Akaishika kwa nje, nami nikavuta kwa ndani. Tulifanya hivyo muda mrefu, mzunguko kwa mzunguko. Kisha akasema polepole:

"Hii makosa ni yangu. Nilipojenga hii nyumba nilikosa elbo, ile ya kuunga kona, kwa maduka yote ya hapa. Nikapinda paipu kwa moto wa makaa. Pahali imechomwa haina nguvu."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima wa rika lake akiniambia amekosea.

"Imekaa miaka mingi, Baba," nikasema.

Akacheka kidogo. Halafu akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Na huku, unapaonaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikabaki nimeshika mpira kwa mikono miwili.

"Napazoea, Baba. Lakini jua la huku ni kali. Na wakiongea Kikamba haraka, nabaki nyuma."

"Mama yako alitoka Mbooni," akasema, akimaanisha mkewe. "Kule kwa baridi, maji iko kila bonde. Mwaka wa kwanza alikuwa analia akienda mtoni kuchimba maji kwa mchanga. Mimi sikumuuliza kitu. Nilikuwa kijana, nilifikiri atanyamaza mwenyewe."

Nilifunga fundo la mwisho, na nashukuru ukuta ulikuwepo, kwa sababu machozi yalikuwa yamenitoka.

"Mwaga maji," akasema. "Ya baridi. Ya moto usimwage mpaka fundi aje."

Nikamwaga sufuria mbili. Nikapitisha kidole chini ya mpira: pakavu. Nje nikasikia maji yakitiririka kwenye mipapai, na mzee akisema, "Ii, yamefika," na nyayo zake zikienda.

Jumapili tuliosha sahani za watu zaidi ya ishirini. Niliweka beseni chini ya paipu kwa woga, nikaikuta tupu. Fundi alikuja si Jumatano ile, bali wiki mbili baadaye, akaweka paipu mpya yenye elbo yake kwa muda mfupi tu.

Mzee hakuingia jikoni kwangu, na hataingia. Lakini siku chache baada ya fundi kuondoka, nikiwa nakoroga uji, aligonga dirisha. Alinipitishia kadi ya kliniki ya macho.

"Mama, nisomee. Wamesema niende hospitali ya Wote siku gani?"

"Alhamisi, Baba. Saa mbili asubuhi. Na hapa wameandika uende na mtu."

Akaitazama kadi mkononi mwangu. "Mama yako bado yuko Kitui, na mume wako hatakuwa amekuja."

"Nitakupeleka mimi," nikasema.

Alifikiri kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Alhamisi alfajiri nilimkuta langoni amevaa koti lake la kanisani, akinisubiri.