Mkwe Saado Apanda Mlima

Mimi ndiye niliyekaa katikati. Mdogo wangu Dekow alikuwa kwenye usukani wa lori, mama mkwe wake Saado alikuwa dirishani, nami nimebanwa baina yao kama tende kikapuni. Kwetu sisi mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno, humwambia mtu mwingine, mama mkwe akasikia. Sasa fikiria safari ya siku mbili, kutoka Garissa hadi Timau, mwaka wa 1965, na huyo mtu mwingine ni mimi!

Dekow alizaliwa na miguu isiyotulia. Alichunga ngamia wa mjomba wetu kule Tarbaj, akawa utingo, akawa dereva. Vita vya serikali na waasi vilipoanza kwetu, barabara zikajaa vizuizi na biashara ikafa, akapanda nchi za juu kutafuta riziki. Akaipata kwenye shamba moja la kondoo: lori la kuendesha na nyumba ya mawe ya vyumba viwili. Aliyekosekana ni mkewe. Kaaha alikuwa Garissa kwa mama yake Saado, mjamzito wa miezi sita, na mama amekataa katakata asiondoke. Nchi ya baridi huua watoto, alisema. Ukoo mzima ulimbembeleza, hakutikisika. Mwishowe akasema, "Kusikia si kuona. Nitakwenda mwenyewe. Ikinipendeza, Kaaha ataenda. Isiponipendeza, Dekow asinitajie tena jambo hili."

Basi Dekow alipoleta shehena ya mahindi Garissa, alizunguka maofisini mpaka akatupatia karatasi za ruhusa, tukaondoka katika msafara uliolindwa na askari. Kwenye kizuizi cha kwanza polisi aliuliza tunakwenda wapi. Kabla Dekow hajafungua mdomo, Saado alikwisha kutoa kichwa nje.

"Sisi nabita tu, afande. Bunduki hakuna. Maziwa iko. Nakwenda ona mulima!"

Polisi alicheka, akapiga ubavu wa lori kwa kiganja, tukapita.

Siku ya pili, tulipovuka Isiolo, tukauacha msafara, na Dekow akageuka mtu mwingine kabisa. Alijinyoosha kitini kama gavana. "Dada Khadijo," akasema, macho mbele, "mwambie yeyote anayetaka kujua kwamba sasa tunapanda." Kila kona alisimamisha lori atuonyeshe kitu: mto unaotoka kwenye jiwe, mti wenye ndevu, shamba la ngano refu kuliko mji wetu. Masikio yaliniziba. Nilipogeuka nyuma nikaiona nchi yetu yote imelala chini, ya kahawia mpaka macho yakome, nikapiga kelele bila aibu. Saado hakupiga kelele, lakini alinifinya paja mpaka likaingia alama.

Halafu mawingu yakafunguka, na mlima ukajitokeza na kilele chake cheupe.

"Subhanallah!" akasema Saado. Alipojikumbuka akakunja uso tena. "Khadijo, muulize mtu wako, hawa kondoo wana ugonjwa gani, mbona wamevimba?"

"Mwambie ni sufu, dada. Hunyolewa, ikafumwa mablanketi."

"Mwambie kondoo wangu hawahitaji blanketi."

Jioni ikatukuta Timau, tukalala tumejikunyata. Kulipopambazuka nikasikia ukelele nje. Nikatoka mbio. Saado alikuwa katikati ya malisho, bila viatu, ametandaza shuka lake la mabegani, anakwangua majani kwa mikono miwili. Malisho yote yalikuwa meupe!

"Khadijo! Chumvi! Mungu amemwaga chumvi, na watu hawa wamelala!"

Mtu wa mbuzi na kuku labda angesita. Sisi ni watu wa ngamia, na ngamia asipopata chumvi hukonda na maziwa yakakatika. Tunamtembeza siku nzima kumpeleka kwenye udongo wa chumvi. Sikusita hata kidogo. Nilirudi ndani nikachukua sufuria, tukakwangua pamoja, tunacheka kama wasichana. Nilipotazama sufuriani nikaona maji. Nikalamba. Maji matupu. Saado hakutaka kuamini. Alizidi kukwangua, kwa hasira sasa, mpaka akaketi papo hapo, nyayo zake zimefanya rangi ya jivu.

Dekow alikuwa mlangoni. Alipaswa kuniambia mimi. Akanipita kama upepo.

"Hooyo, acha! Si chumvi, ni jalidi, umande ulioganda! Utapoteza vidole!" Alimwita mama, usoni kabisa, akavua koti lake akamfunika miguu. Kisha akagutuka, akaziba uso kwa mikono yote miwili. Nami nikasema moyoni, kwisha, mke amekwenda.

Saado alikaa jikoni kando ya moto asubuhi nzima, ushungi umemfika puani. Jua lilipopanda akaniita. Dekow alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo.

"Mwambie nchi yake mbaya," akasema Saado. "Chumvi yake ya uongo, na kondoo wake wagonjwa."

Dekow akainamisha kichwa.

"Lakini tangu jana sijasikia bunduki. Nyumbani kila nikisikia mlio, namwangalia Kaaha na tumbo lake. Mwambie aje kumchukua. Mtoto asiogeshwe maji baridi."

Nilitaka kuruka! Dekow akauliza kwa sauti iliyokatika, "Dada, muulize… chumba cha pili je, hatakitaka yeye?"

"Na mbuzi wangu atawachunga nani?" akajibu Saado, akageuza uso ukutani. Hakuwa na mtoto mwingine. Niliona mabega yake yakitikisika, nami nikalia naye.

Kaaha alipanda mwezi uliofuata. Saado aliomba ruhusa mara tano, akanyimwa mara tano, mpaka vita vilipokwisha na mjukuu ameshajua kukimbia. Ruhusa ilipopatikana nilimsindikiza tena. Lori lilipokaribia nyumba ile ya mawe akamwona mtoto uani, na yule mama wa miaka hamsini na kitu akafungua mlango akaruka chini, lori likiwa bado linatembea.