Unga Wangu

Mkuu wa maabara yetu ana mikono laini kama ya kichanga, maana haijawahi kuosha hata chupa moja. Wageni wakija, huvaa koti jeupe lililonyooka kwa pasi, akajikohoza, akapaza sauti kama mwenye harusi: “Karibuni muone unga wangu!” Huumulika kwa taa, ukageuka buluu; huupasha moto kidogo, ukarudi njano. Wakimpigia makofi huinamisha kichwa, eti mnyenyekevu. Aliyeubuni ni dada wa meza ya dirishani, mtafiti mwenzetu, ambaye siku hizo huambiwa asogee wageni wapite. Juzi mkuu alinogewa na makofi, akaupasha kupita kiasi. Unga ukayeyuka, ukawa kahawia kama tope. Akaumulika tena. Wapi! Jasho likamtoka. “Samahanini,” akasema, akinyoosha kidole dirishani, “kitu hiki si changu. Aliyekitengeneza ni yule pale.” Dada akainuka. “Asante, mkuu,” akasema. “Nimesubiri sana unitambulishe.” Wageni wakavuta viti mpaka mezani kwake, wakaanza kumuuliza maswali. Mkuu naye akawafuata, akiitikia kwa kichwa kila jibu, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.